Nampa Nani?

Kitenzi cha Kiingereza donate kilizaliwa kinyumenyume. Kwa kawaida tendo hutangulia jina lake: mtu hulima kwanza, ndipo tukapata kilimo na mkulima. Kwa donate mambo yalikwenda upande mwingine. Nomino donation ilikuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 15, imetoka Kilatini na kupitia Kifaransa, na kwa zaidi ya miaka 300 watu waliitumia bila kuona kwamba kuna kitenzi kinachokosekana. Ni Wamarekani wa mwishoni mwa karne ya 18 walioikata nomino ile mkia, wakapata kitenzi.

Walinzi wa lugha hawakufurahi. Mwaka 1870 mhakiki wa New York, Richard Grant White, alikishambulia kitenzi hicho kwa ukali katika kitabu chake Words and Their Uses. Hoja yake ilikuwa kwamba Kiingereza kilikuwa tayari na give, tena kilikuwa na vitenzi vingine kadhaa vya kutoa. Hiki kipya cha nini?

Hasira ya White ilishapita, na donate imebaki. Lakini swali lake ni zuri na halijachakaa. Kama give ipo, donate inafanya kazi gani ambayo give haiwezi?

Jibu moja liko kwenye sarufi. Kwa Kiingereza unasema I gave her a book, ukamweka mpokeaji palepale, bega kwa bega na kitenzi. Jaribu I donated her a book. Sikio la mzawa wa lugha ile linakataa. Vitenzi vingi vilivyotoka Kilatini vina tabia hiyo. Lazima kitu kitangulie, kisha mpokeaji aje nyuma, ameshikiliwa na to. Na mara nyingi haji kabisa. I donated yesterday ni sentensi kamili, haidaiwi chochote. Mtoaji yupo, tendo lipo, na aliyepokea hana hata kiwakilishi.

Sasa chukua kitenzi chetu. Ni kifupi, silabi moja tu: -pa. Jaribu kusema "nimepa kitabu." Hakuna Mswahili atakayekuelewa, atasubiri umalizie. Ni nimempa, nimekupa, nimewapa. Yule mpokeaji, ambaye mwalimu wa kidato cha tatu alitufundisha kumwita shamirisho kitondo, anaingia ndani ya kitenzi chenyewe kabla kitenzi hakijatamka silabi yake. Ukimwondoa, kitenzi kinaanguka. Na neno hili si la kuazima. Wazulu wanasema -pha, Waganda -wa, Wakikuyu -he: sauti moja ya kale ya Kibantu ambayo kila nchi imeikunja kwa namna yake.

Tunacho pia kitenzi kutoa, na hicho ndicho kinachofanana na donate. Unaweza kutoa bila kumtaja mtu. Lakini kutoa kunatazama kile kinachotoka, si kule kinakoenda: tunatoa jino, tunatoa taka, tunatoa tano kwenye kumi. Wahenga waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walikuwa wanamtazama mtoaji na moyo wake, na kwa hilo kitenzi kinafaa sana. Ila ukitaka kujua nani alipokea, kutoa hakukwambii.

Haya yote yangebaki kuwa mambo ya darasani kama nisingetoka Namawala.

*

Namawala ni kijiji cha bonde la Kilombero, magharibi ya Ifakara. Upande mmoja unaona milima ya Udzungwa, upande mwingine ni tambarare ya mpunga inayogeuka maji masika yanapokolea. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia shambani na kulala kwenye vibanda mpaka mavuno, maana ndege na wanyama hawangoji mtu arudi kutoka kijijini. Maji, mpunga na watu wanaolala nje ya nyumba zao: mbu hakuhitaji mwaliko.

Ukitafuta jina la Namawala kwenye majarida ya sayansi utalipata, na utalipata mara nyingi kuliko majina ya miji mikubwa kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walihesabu mbu wa kijiji chetu kwa uvumilivu wa ajabu. Walitundika mitego ya taa vyumbani kando ya vyandarua, wakakusanya mbu waliotua kwenye miguu ya watu, wakawapasua, wakawapima vimelea. Walichokipata ni kwamba mkazi wa Namawala alikuwa akiumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila siku, mara moja. Namba hiyo imekuwa ikinukuliwa tangu wakati ule kila anapotafutwa mfano wa mahali ambapo malaria imewahi kuwa kali hasa. Leo hali imebadilika sana na maambukizi yameshuka mno, lakini kwenye maandishi sisi bado ni wale wa 300.

Baba yangu mdogo alifanya kazi ya kukusanya mbu miaka ya baadaye, nikiwa shule ya msingi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakaa kwenye kigoda usiku, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu wazi. Mkononi una tochi na mrija wa kunyonyea. Mbu akitua, unammulika, unamvuta kwa pumzi kabla hajauma, unampuliza kwenye kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa neti. Dakika 45 za kukaa, 15 za kupumzika, kisha saa nyingine na kikombe kingine. Walipewa dawa za kinga, walipimwa, walilipwa posho. Alfajiri alirudi na macho mekundu, akala uji, akalala mpaka adhuhuri.

Ripoti za Kiingereza ziliwaita volunteers, neno linalotokana na Kilatini cha hiari. Kiswahili cha fomu kiliwaita "waliojitolea," na kujitolea ni neno zito kuliko tunavyolichukulia: mtu anajitoa yeye mwenyewe kwa ajili ya kingine, kana kwamba ni kitu anachokichomoa mfukoni. Baba mdogo hakutumia lolote kati ya hayo. Akiaga jioni alisema, "Leo nakwenda kuwapa miguu." Kuwapa nani? Mbu. Watoto tulicheka kila mara, naye alijua tutacheka. Lakini angalia kitenzi chake. Hata kwenye utani alimtaja mpokeaji.

*

Siku moja, nikiwa chuoni Dar es Salaam, nilifungua kamusi ya asili ya maneno kumtafuta donate na nikajikuta nimekaa na ukoo mzima. Baba wa donate ni kitenzi cha Kilatini donare, kilichotokana na donum, yaani zawadi, na nyuma yake yuko dare, kutoa au kumpa mtu. Dare ana watoto wengi, na wawili kati yao tunawatumia Kilombero kila wiki.

Wa kwanza ni data. Kwa Kilatini datum ni "kilichotolewa," na data ni wingi wake: "vilivyotolewa." Katika karne ya 17 neno liliingia kwenye Kiingereza cha wanahisabati, likimaanisha yale unayopewa kabla hujaanza kukokotoa. Ni lugha ileile ya mtihani wetu: "Ukipewa kwamba pembetatu ABC..." Baadaye neno likahamia maabara na kompyuta, na kusahau kwamba lina mtoaji. Leo tunasema data zinakusanywa, zinachakatwa, zinahifadhiwa, kama vile zilikuwa zimeanguka chini ya mwembe zikingoja kuokotwa.

Wa pili ni binamu kutoka Ugiriki. Wagiriki walikuwa na kitenzi cha ukoo huohuo, na kutoka hapo wakapata dosis, "kutoa." Madaktari wao, Galen akiwa mmojawapo, wakalitumia kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa. Likapita Kilatini na Kifaransa, likafika Kiingereza kama dose, likaja kwetu kama dozi. Kila mama wa Namawala analijua. "Amemaliza dozi?" Ndilo swali la kwanza mtoto akirudiwa na homa.

Basi tazama kijiji chetu kwa macho ya kamusi. Wanakuja watu kuchukua data, yaani vilivyotolewa. Wanaleta dozi, yaani kutoa. Fedha zao zimetoka kwa donors, yaani watoaji. Maneno yote matatu yamenyonya ziwa moja. Lakini ni moja tu kati ya hayo matatu ambalo watu wanaposema wanahisi ukarimu ndani yake, na ni lile la mwenye fedha.

Mfano wa wazi uko kijiji kingine cha bonde hilihili, Idete. Mwaka 1994 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Watoto 586 wa Idete, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, walichomwa dozi tatu, ama za chanjo ama za sindano ya kulinganishia. Kinga ilikadiriwa kuwa asilimia 31. Majaribio mengine yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga, na SPf66 ikawekwa kando. Mgunduzi wake, Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia, alikuwa ameitoa chanjo yake kwa Shirika la Afya Duniani. Kwa alichofanya yeye Kiingereza kina kitenzi tayari: he donated it. Lilikuwa jambo la heshima na simnyang'anyi. Lakini wale 586 waliotoa mikono yao, na mama zao waliosimama foleni nao mgongoni, sentensi za ripoti ziliwaweka upande wa kupokea. Walipokea dozi. Walichotoa kiliitwa data.

*

Kuna ndugu wa tatu wa kumtaja, naye ni wa Kijerumani. Kwa Kijerumani Gift si zawadi. Ni sumu. Neno lilianza kwa maana ya kupeana, kama gift ya Kiingereza, na maana hiyo ya kale bado imo katika Mitgift, mali anayokwenda nayo bibi harusi. Lakini wasomi wa zamani walilitumia kutafsiri lile dosis la Wagiriki, kile anachopewa mgonjwa, na kidogo kidogo kilichobaki ni kile ambacho mtu hapaswi kupewa.

Hilo linatuhusu kwa karibu. Utafiti wa Ifakara ulianzishwa na Waswisi katikati ya miaka ya 1950, kama maabara ya mashambani ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Basel, chini ya Rudolf Geigy, na umekua mpaka ukawa taasisi ya Kitanzania ambayo tangu 2008 inaitwa Ifakara Health Institute. Geigy alitoka kwenye ukoo wa kiwanda cha Geigy cha Basel, na ni katika kiwanda hicho ambapo mwaka 1939 Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Kwa hiyo jina lilelile liko kwenye sumu ya mbu na kwenye maabara iliyokuja kutusaidia kumjua mbu. Mjerumani angeziita sumu hizo Gift bila kufikiri mara mbili.

Kiswahili nacho kina mlango wake wa siri hapo. Tunasema "chandarua chenye dawa." Dawa kwa nani? Kwa mbu ni sumu. Kwetu ni kinga. Tunasema dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kikohozi, na hatuchanganyikiwi, kwa sababu tunajua kwamba kinachotolewa hupata maana yake kwa yule anayekipokea.

Vyandarua ndivyo vilivyonifundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Vile vya kwanza kuenea kwetu, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, vilikuwa vya kununua. Mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga uliuza chandarua kilichoitwa Zuia Mbu, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walipona kifo zaidi kuliko wasiolala. Kuanzia 2004 ikaja Hati Punguzo: mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza pesa kidogo. Kisha, kati ya 2009 na 2011, zikaja kampeni za taifa za bure, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, halafu kwa kila mahali pa kulala.

Miaka ile wataalamu walibishana sana. Wengine walisema kitu cha bure hakithaminiwi, watu watavulia samaki. Wengine walisema bei ndogo nayo ni ukuta. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima jambo hilo magharibi ya Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2010: waliopewa bure walivitumia vyandarua sawa na walionunua, na bei hata ndogo iliwaacha wengi nje. Mjadala ukapungua makali. Kinachonishangaza ni umbo la swali lenyewe. Kwa miaka mingi lililoulizwa lilikuwa kama sisi tutathamini tulichopewa. Sijawahi kusikia swali la upande wa pili likipewa uzito kama huo: je, wao walithamini walichopewa na Namawala?

*

Kwa Kiswahili donor ni mfadhili. Ni neno la Kiarabu, na mzizi wake, fadhl, unabeba maana ya wema na pia maana ya ziada, kile kinachobaki baada ya haja kutimia. Mfadhili basi ni mtu mwenye ziada. Ndiyo maana neno linakaa vizuri kwenye mashirika na mabalozi, na linakaa vibaya kwa baba mdogo, ambaye hakuwa na miguu ya ziada.

Tanzania tulipohitaji kitenzi cha kutoa damu, hatukuchukua fadhili. Tulichukua kuchangia. Mabango ya Damu Salama yanasema "changia damu," na kila tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, redio hurudia vivyo hivyo. Kuchanga ni kitenzi cha harusi na msiba. Anayechanga hana ziada. Ana sehemu yake. Na kesho zamu itamfikia yeye.

Ninaijua vizuri tofauti ya vitenzi hivi kwa sababu ya kazi ninayofanya sasa. Ninatafsiri fomu za ridhaa. Mtafiti anaandika kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili, na kabla fomu haijatumika inasomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji wachache ili kuona kama inaeleweka. Mwaka juzi mradi mmoja ulinipa fomu ya kupeleka bondeni. Sentensi iliyonitesa ilikuwa fupi: mshiriki anakubali to donate sampuli ya damu, ambayo inaweza kuhifadhiwa na kutumiwa katika tafiti zijazo.

Tulikaa chini ya mwembe Namawala, watu tisa, mwenyekiti wa kitongoji akiwa mmojawao, na mama yangu naye alikuwepo. Nilikuwa na matoleo matatu. Nikasoma la kwanza: "Nakubali kuchangia damu."

"Anaumwa nani?" akauliza mama.

Nikamwambia hakuna mgonjwa. Wote wakanitazama. Kuchangia damu wanakujua: kuna mjamzito hospitali, au kuna ajali, na ndugu wanaitwa. Kama hakuna mgonjwa, mchango ni wa nini?

Nikasoma la pili: "Nakubali kutoa damu."

"Kutoa ndiyo," akasema mzee mmoja. "Ila ikishatoka inakwenda wapi?"

La tatu niliona ndilo la moja kwa moja, mradi ukiongea na mtu uso kwa uso: "Ukikubali, unatupa damu." Vicheko vikalipuka kabla sijafika kwenye nukta. Msomaji, lisome tena polepole. U-na-tu-pa: wewe unatupatia sisi. U-na-tupa: wewe unaimwaga jalalani. Herufi ni zilezile. Mama peke yake hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "andika tu nawapa. Lakini ukiandika nawapa, uandike ni kina nani. Mimi nampa nani?"

Kisha akasimulia jambo ambalo nyumbani husemwa mara chache. Kabla yangu alizaliwa dada yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipita watu wa utafiti, wakamtoboa kidole, wakapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo. Mama ndiye aliyemshika mkono. Anamkumbuka aliyetoboa: kijana mwembamba mwenye miwani, aliyempulizia mtoto kidole ili asilie, akampa peremende. Masika yaliyofuata dada yangu alishikwa na degedege, akafa akiwa na miaka mitatu. Hakuna picha yake, maana wakati ule nani alikuwa na kamera.

"Simlaumu yule kijana," mama akasema. "Alikuwa na adabu. Mimi nilimpa yeye. Nikamwona anaweka kile kioo kwenye kisanduku. Lakini yeye alimpa nani? Na huyo naye akampa nani? Damu ya mwanangu iko mahali fulani kwenye kioo, na mimi sina nguo yake hata moja."

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wa kitongoji alichora chini kwa kijiti. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi yenye vitenzi vitatu, na nikaona kwamba hakuna hata kimoja kilichokuwa na nafasi ya swali lile isipokuwa -pa.

*

Nilirudi mjini nikawaandikia wenye mradi. Niliwaeleza kwamba donate haina tafsiri ya neno moja itakayofaa mahali pale, na kwamba kitenzi kinachofaa kinadai mpokeaji. Niliambatanisha sentensi mpya yenye nafasi zilizo wazi: "Nakubali kuwapa damu yangu ______, ambao wataitunza ______. Wakitaka kumpa mtu mwingine, watamwomba kwanza ruhusa ______."

Majibu yalichukua wiki tatu. Mwanzoni waliona ni jambo la mtindo, kwamba mtafsiri anarefusha. Kisha mmoja wao akajaribu kujaza zile nafasi na akagundua kwamba ya tatu haina jibu. Hakuna aliyekuwa amekaa na wenzake kuamua. Ikabidi wakae. Barua pepe zikaenda na kurudi. Mwishowe fomu ikaja imejazwa: jina la maabara, jina la mji, idadi ya miaka, kamati itakayoombwa ruhusa na namba ya simu ya kuulizia. Sentensi moja ya Kiingereza ilikuwa imekuwa aya nzima ya Kiswahili, na toleo la Kiingereza nalo ikabidi liandikwe upya ili lilingane.

Sidai kwamba sarufi inaweza kumlinda mtu. Mwenye nia ya kuficha ataficha kwa lugha yoyote, na -pa inaweza kujazwa jina la uongo. Lakini kuna lugha inayomruhusu mtu mwema asahau, na kuna lugha inayomshika shati. Wale watafiti hawakuwa wabaya. Walikuwa na kitenzi kisichowauliza kitu.

Fomu iliposomwa tena Namawala, mama alisikiliza aya ile mara mbili. Aliuliza mji uliotajwa uko nchi gani, na kama kuna baridi huko. Akauliza kama ile namba ya simu inapokelewa. Mwenyekiti wa kitongoji akaipiga palepale, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie. Sauti ya mwanamke ikasema haloo.

"Shikamoo," akasema mwenyekiti, kwa tahadhari, maana hakujua umri wa aliyepokea.

"Marahaba, baba. Hapana, samahani, shikamoo wewe."

Watu wakacheka, safari hii na mama naye. Akaomba kalamu. Nakala yake ameiweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, pamoja na kadi zetu za kliniki.